Dinari za Kirumi: tuonyesheni na mgongo wake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu sarafu za fedha za Roma ya kale nimeisoma yote, kisha nikairudia. Imeandikwa vizuri, na nashukuru kuona gazeti la Kiswahili likitoa ukurasa mzima kwa jambo kama hili. Ila picha mlizoweka zimenisononesha. Zote ni vichwa: Augustus, Tiberius, Nero, Vespasian, Hadrian, kila mmoja ametuonyesha shavu moja, na chini yao maelezo kwamba Warumi walitumia sarafu kutangaza sura ya mtawala. Upande wa pili haukupewa hata picha moja. Msomaji akifunga gazeti atabaki akiamini kwamba dinari, sarafu hiyo ya fedha, ilikuwa uso wa kaisari basi, na kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Yote mawili si kweli.

Mimi ni sonara. Fedha ndiyo riziki yangu. Nimeifua, nimeisubu na kuinakshi tangu mjomba aliponikalisha mbele ya fuawe nikiwa kijana. Kwa hiyo dinari huitazama kwanza kama kazi ya mkono, ndipo niulize inasema nini. Na mkono ule, Mhariri, maneno yake mengi uliyaandika kwenye mgongo wa sarafu, yaani upande wa pili, usio wa kichwa.

Dinari ilianza kugongwa karibu mwaka 211 K.K., Warumi wakiwa katikati ya vita na Hannibal wa Carthage. Wakati huo unajulikana kwa sababu dinari ambazo hazijachakaa zilifukuliwa chini ya vifusi vya Morgantina, mji wa Sisilia uliobomolewa mwaka huo. Kichwa kilichokuwa juu yake hakikuwa cha mtawala yeyote. Kilikuwa cha Roma mwenyewe, mji uliochongwa kama mwanamke mwenye kofia ya vita yenye bawa, na nyuma ya kisogo chake alama X, yaani thamani yake ni asi kumi, sarafu za shaba za Warumi. Upande wa pili walikuwa Castor na Pollux, mapacha walioaminiwa kuwa waliwapigania Warumi kwenye Ziwa Regillus: farasi wawili mbioni, mikuki imelazwa, nyota juu ya kila kichwa. Gramu nne na nusu za fedha, ambazo baada ya miaka michache zilishuka hadi chini kidogo ya nne.

Kuanzia hapo hadi mwaka 44 K.K., zaidi ya miaka 160, hakuna Mrumi aliye hai ambaye uso wake uligongwa kwenye fedha ya mji wa Roma. Miungu waliwekwa. Mababu waliokwisha kufa waliwekwa. Aliye hai hakuwekwa, kwa kuwa hiyo ilikuwa desturi ya wafalme, na Warumi walijisifu kwamba wafalme wao waliwafukuza zamani. Nyuso zenu zote tano ni za upande wa huku wa mpaka huo. Zaidi ya karne moja na nusu ya dinari imeachwa nje ya ukurasa, na kwa macho yangu ndiyo karne yenye picha tamu kuliko zote.

Kusimamia ugongaji wa fedha ilikuwa kazi ya maofisa watatu, aghalabu vijana wa koo kubwa wanaoanza kupanda ngazi ya uongozi. Mwanzoni walifuata picha zilizozoeleka, mapacha na magari ya farasi ya miungu. Kuanzia miaka ya 130 K.K. wakaanza kujichagulia. Publius Licinius Nerva, kama mwaka 113 K.K., alichagua kura. Sarafu yenyewe haifiki sentimeta mbili kwa upana, na humo mchongaji ameingiza watu watatu na daraja la kupigia kura, njia iliyoinuliwa anayopita mpiga kura. Mmoja amesimama chini, anainua mkono kumpa mpiga kura kibao chake. Yule anainama kukipokea. Wa tatu yuko mbele zaidi, anakitumbukiza cha kwake chomboni. Miaka michache kabla, mwaka 119 K.K., mwanasiasa Marius alikuwa amepitisha sheria ya kuyafanya madaraja hayo kuwa membamba, ili wakubwa wasipate pa kusimama na kumchungulia mtu anapopiga kura yake. Wembamba huo unauona kwenye fedha. Nionyesheni uso wa kaisari unaoeleza jambo zito namna hiyo.

Au chukueni ile ya Gaius Mamilius Limetanus ya mwaka 82 K.K. Ukoo wake ulidai unatokana na Ulysses, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyekaa mbali na kwao miaka 20 kabla ya kurudi. Mgongoni Ulysses anatembea na fimbo, amevaa kama maskini, na mbele yake mbwa wake Argus anainua kichwa kumtazama. Katika kisa kile ndiye aliyemtambua bwana wake mara moja. Mguu wa mbwa una unene wa unywele. Nimejaribu kuchonga kitu cha kadiri hiyo kwa vifaa vya leo na kwa kioo cha kukuzia, na nawaambia ni kazi ya kushika pumzi. Ukingo wa sarafu hiyo umekatwa meno kama msumeno, jino moja baada ya jingine, kwa mkono, kabla ya kugongwa. Mwanahistoria Mrumi Tacitus aliandika kwamba Wajerumani wa mipakani walizipenda dinari za zamani za namna hiyo, zenye meno na zenye magari ya farasi wawili. Walikuwa na akili. Fedha yake ilikuwa safi kuliko ya siku za Tacitus.

Hapa nitasimama kidogo kwenye ufundi, maana makala haikuugusa. Titus Carisius, mwaka 46 K.K., aliwafanyia mafundi heshima ambayo sijaiona popote pengine. Upande mmoja aliweka kichwa cha mungu wa kike Juno Moneta, ambaye hekalu lake ndilo lililopakana na karakana ya fedha ya Roma. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, akaweka koleo, nyundo na fuawe. Basi. Hakuna mungu wala mshindi wa vita. Ni vyombo vilevile vilivyo mbele yangu ninapoandika barua hii, na umbo lake halijabadilika.

Ilivyogongwa ni hivi. Chapa ya chini, ambayo kwa kawaida ilikuwa na kichwa, ilipachikwa kwenye fuawe. Kipande cha fedha kiliwekwa juu yake. Chapa ya juu, yenye picha ya mgongo, ilishikwa kwa mkono, ikapigwa nyundo. Zote mbili zilichongwa kinyume, herufi zikisomwa kutoka kulia, na kwa kina pale ambapo sarafu itainuka. Sasa, chapa ya juu ndiyo inayopokea nyundo moja kwa moja, hivyo hupasuka na kuchakaa mapema. Kwa sababu hiyo migongo ilichongwa upya mara nyingi kuliko vichwa. Fundi aliyekuwa akikaa na kichwa kilekile alibadilisha mgongo, na tena mgongo. Ukitaka kuona jasho la mchongaji, huko ndiko lilikomwagika.

Haraka yao nayo imebaki kwenye fedha. Zipo dinari zenye kichwa kilekile pande zote, upande mmoja kimeinuka, upande wa pili kimedidimia na kutazama kwingine. Sababu yake fundi yeyote anaielewa mara moja: sarafu iliyotangulia ilinasa kwenye chapa ya juu, mpigaji hakuangalia, kipande kipya kikawekwa na nyundo ikashuka. Kipande hicho kikapokea mgongoni uso wa ndugu yake badala ya picha. Ukishika kitu kama hicho unasikia msukosuko wa karakana, mkuu wa kazi anahimiza, askari wanasubiri malipo yao.

Dinari niliyoishika mimi mwenyewe haikuwa ya namna hiyo, lakini nayo haikuwa na kichwa. Mteja aliniletea akitaka niitie pete na kuing'arisha iwe kidani. Ilikuwa mojawapo ya zile ambazo jemadari Marcus Antonius alizigonga kwa ajili ya majeshi yake mwaka 32 na 31 K.K., kabla ya vita vya baharini vya Actium, alivyopigana na yule aliyekuja kuitwa Augustus. Upande mmoja meli ya vita, upande wa pili tai wa legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, kati ya bendera mbili. Makasia yalikuwa bado yanahesabika kwa ukucha. Herufi LEG zilisomeka; namba ya legioni iliyofuata ilikuwa imelika yote. Karibu na ukingo mtu wa zamani alikuwa amegonga kialama chenye umbo la mwezi mchanga, kama walivyofanya wabadili fedha kupima kama ndani ni fedha au ni shaba iliyofunikwa. Antonius aliichanganya fedha yake zaidi ya ilivyokuwa desturi, na ndiyo iliyoziokoa dinari hizo: hazikuwa na faida kuziyeyusha, kwa hiyo ziliendelea kupita mikononi kwa zaidi ya miaka 200, wakati nzuri zaidi zilifichwa au zilirudi motoni. Nilikataa kuing'arisha na kuitoboa. Nilimweleza mteja kwamba ule weusi kwenye mabonde ya picha ndio unaoifanya isomeke, na nashukuru alinisikiliza akaondoka nayo kama ilivyokuja.

Sasa nirudi kwenye nyuso. Aliyevunja mwiko ni Julius Caesar. Miaka michache kabla, akiwa vitani na hasimu wake Pompeius, alikuwa amegonga dinari yenye ndovu anayekanyaga kitu mfano wa nyoka, na chini yake neno CAESAR pekee. Mwanzoni mwa 44 K.K. ikatoka dinari yenye uso wake, shada kichwani, shingo yenye mikunjo, na cheo cha dikteta wa maisha. Tarehe 15 Machi wakamuua. Brutus, mmoja wa waliomchoma visu, naye mnamo 43 na 42 K.K. aligonga dinari kwa ajili ya jeshi lake: mgongoni majambia mawili, kati yake kofia aliyokuwa akipewa mtumwa siku ya kuachwa huru, na chini tarehe ya mauaji, EID MAR. Ni mgongo wenye ujasiri kuliko yote ninayoijua. Lakini geuza. Upande wa mbele kuna uso wa Brutus mwenyewe, akiwa hai. Jambo alilolaaniwa nalo Caesar, mtetezi wa uhuru alilifanya kabla miaka mitatu haijaisha, na usingelijua hilo ila kwa kuziona pande zote pamoja.

Na hapa nafikia kinachonigusa zaidi. Kwenye migongo ndiko Roma ilikowaweka watu iliowashinda, au iliodai kuwashinda. Mwaka 58 K.K. Marcus Scaurus aligonga dinari inayomwonyesha Aretas, mfalme wa Wanabatea, Waarabu wa Petra, amepiga magoti kando ya ngamia wake, amenyoosha tawi la mzeituni. Kwa maelezo ya mwanahistoria Myahudi Josephus, Aretas alitoa talanta 300 za fedha, na Scaurus akaondoka. Fedha ilibadilishana mikono, kisha fedha nyingine ikagongwa kusema kwamba huyu alisalimu amri.

Miaka miwili baadaye Faustus, mwana wa jemadari Sulla, alitoa ya kwake. Baba yake ameketi juu. Mbele yake Bocchus, mfalme wa Mauretania, amepiga magoti anampa tawi. Nyuma ya Sulla amepiga magoti mwingine, mikono imefungwa mgongoni. Huyo ni Jugurtha, mfalme wa Numidia, aliyepigana na Roma miaka mingi hata akakabidhiwa kwao na Bocchus, baba mkwe wake, mwaka 105 K.K., akafia gerezani Roma. Dinari hii ilitoka karibu miaka 50 baada ya kutekwa kwake. Alikuwa amekwisha kufa zamani, na bado walimgonga tena na tena, sarafu kwa sarafu, mikono imefungwa, ili mtu anunulie mkate. Nimeikuza picha yake na kuitazama kwa muda mrefu. Mchongaji amempa ndevu na mgongo ulionyooka. Bocchus, anayetoa tawi, ndiye aliyeinama zaidi. Sijui kama aliagizwa afanye hivyo, lakini naona mkono wa fundi ukikataa kumdhalilisha aliyefungwa.

Basi tuzirudie nyuso zenu moja moja. Nyuma ya kichwa cha yule aliyekuja kuitwa Augustus, kwenye dinari za mwaka 28 K.K., amesimama mamba peke yake, na juu na chini yake maneno ya kwamba Misri imetekwa. Nchi nzima yenye mahekalu na mafarao wake imekuwa mnyama mmoja. Nyuma ya Vespasian, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70 B.K., yupo mwanamke ameketi chini kwa huzuni kando ya silaha zilizotekwa, na jina lake limeandikwa: Uyahudi. Nyuma ya Hadrian, kwenye dinari za miaka yake ya mwisho, amejilaza Afrika. Ndiyo, Afrika, kwa jina, ingawa Warumi walikuwa na maana ya jimbo lao la sehemu za Tunisia ya leo na jirani zake. Amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga umeinuka juu ya paji lake. Mkono mmoja ameshika nge, mwingine pembe iliyojaa matunda, na miguuni ana kikapu cha mazao. Hakufungwa, na uso wake ni mtulivu. Ila tazama alichobeba: ni chakula, na ngano ya jimbo hilo ilikuwa ikisafirishwa kulisha Roma.

Sura hiyo ya ngozi ya ndovu ilikuwa ya zamani kuliko Hadrian. Metellus Scipio, aliyepambana na Caesar katika Afrika hiyohiyo mwaka 47 na 46 K.K., aliigonga mbele ya sarafu, suke la ngano mbele ya uso na plau chini ya shingo. Alitoa pia nyingine yenye mungu wa kike mwenye kichwa cha simba, ameshika alama ya uhai ya Kimisri, na herufi tatu zinazomtaja kuwa roho mlinzi wa ardhi ya Afrika. Mrumi aliyebanwa vitani aliomba ulinzi wa miungu ya wenyeji. Hili nalo halikupata nafasi kwenye ukurasa.

Kuhusu Tiberius nitasema kidogo, maana wasomaji wengi wameifahamu dinari kwa kupitia Injili, pale Yesu anapouliza sura na anwani ni za nani. Dinari ya Tiberius inayopatikana kwa wingi ina uso wake na maneno kwamba ni mwana wa Augustus aliye mungu. Nyuma ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi, ambaye wengi humwona kuwa ni Livia, mama yake, na anwani ya kuhani mkuu. Aliyeletewa dinari kama hiyo aliletewa pande mbili za madai.

Mmeahidi sehemu ya pili, juu ya namna fedha ilivyozidi kupungua ndani ya dinari: Nero kuipunguza mwaka 64 B.K., Septimius Severus kuishusha hadi karibu nusu, na ile sarafu yenye taji la miali iliyochukua nafasi yake kuishia, kufikia mwaka 270, na chini ya asilimia 5 za fedha, shaba iliyopakwa ngozi nyembamba. Ni habari inayonihusu kazini, na nitaisoma kwa hamu. Naomba migongo ya wakati huo iwekwe pia. Otho alitawala miezi mitatu ya mwaka 69, Warumi wakiuana wenyewe kwa wenyewe, na dinari yake inatangaza amani ya dunia nzima. Gallienus aligonga sarafu za kusifu uaminifu wa askari, na mwaka 268 maofisa wake mwenyewe wakamuua. Ukiona neno limerudiwa mno kwenye fedha inayozidi kuwa shaba, ujue ndilo lililokuwa likikosekana.

Kuhusu picha zenyewe, ombi langu ni la kifundi. Zipigwe kwa mwanga wa ubavuni, si wa mbele, la sivyo nakshi inalala na haisomeki. Pande mbili ziwekwe jirani, kwa ukubwa uleule, na maelezo yataje zote mbili, sarafu ni ya nani na ya mwaka gani. Dinari ya Faustus ipewe upana wa safu mbili angalau, kwa kuwa kamba kwenye mikono ya Jugurtha haionekani kwa ukubwa mliotumia safari hii. Na mahali ambapo nafasi haitoshi kwa picha mbili, ondoeni kichwa, muache mgongo.

Wako,
Sonara, msomaji wa ukurasa wenu wa historia